Masikio ya Profesa Bhavini

Kwa miaka kumi na mmoja nilikaa ofisi moja na mwanamke anayeelewa Kiswahili, na sikujua. Naanza na hilo kwa sababu bado linanichoma. Mimi ni Gakii, mtu wa Meru, na kazi yangu katika chuo kikuu kimoja hapa London ni kuwatafutia wanafunzi wa ualimu shule za sekondari za kufanyia mazoezi. Kutwa nzima ni simu na barua pepe. Nawabembeleza walimu wakuu wampokee huyu wa Hisabati, wamvumilie yule wa Historia. Nikichoka nampigia shoga yangu aliyeko Mombasa, namwaga yote ya moyoni kwa Kiswahili, kwa sauti, kiatu kimoja nimevua. Nani angenielewa? Kwenye meza ya mbele yangu aliketi Profesa Bhavini Sodha, Mhindi wa Rayners Lane, kimya, kalamu mkononi, akisahihisha. Na aliyesemwa kwenye simu hizo, mara nyingi, alikuwa yeye.

Nilimwita Bi Kalamu. Nilimwigiza anavyokohoa kabla ya kumkosoa mtu. Siku moja nilimweleza shoga yangu kwa kirefu habari ya sketi zake, urefu na rangi. Profesa aligeuza ukurasa, akaendelea kusahihisha.

Alizaliwa Kisumu mwaka 1961, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Kigujarati kilikuwa cha nyanya na sala, Kiingereza cha shule, na Kiswahili kilikuwa cha mambo mengine yote: wateja, fundi cherehani wa barazani, ugomvi wa watoto, nyimbo za kuruka kamba. Alipokuwa na miaka kumi familia ikahamia London na baada ya muda ikatulia Rayners Lane, karibu na stesheni. Huko majirani wengi walikuwa Wahindi vilevile, wengine wametoka India moja kwa moja, na Kigujarati chao kikawa si siri tena. Siri ikawa Kiswahili. Ndani ya basi mama yake angesema bila kugeuza shingo, "Angalia huyu mzee, soksi mbili, rangi mbili," na mtoto Bhavini angeuma mdomo asicheke. Dukani: "Huyu anaongeza bei. Twende." Nimewauliza wengine wa kizazi chake, wa hapo na wa Tooting, nao hucheka kabla sijamaliza swali. Kila nyumba ilikuwa na mchezo huo. Mama alimwonya binti yake asimwambie mtu kwamba wanajua. Wakijua, alisema, kwisha.

Kwa hiyo alikua akijua Kiswahili kama lugha ya kuwasema watu mbele ya macho yao. Wazazi walipofariki hakubaki wa kuzungumza naye, kwa kuwa mumewe, mzaliwa wa India, hakujua hata neno moja. Akabaki kusikiliza. Kwenye treni aliketi karibu na wauguzi wa Kitanzania na akina mama wa Kikongo wanaotoka kazi za usafi, akasikia habari za watoto na wakwe zao, akateremka bila kuwasalimu. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alisema Kiswahili chake kilikoma kukua akiwa na miaka kumi. Angefungua mdomo ingetoka sauti ya mtoto wa dukani. Profesa hataki kusikika hivyo, na mwaka ukipita bila kusema, wa pili unakuwa mgumu zaidi. Namwelewa. Lakini pia nasema, angenikoholea basi, nikajua.

Kazi aliijua, hilo silifichi. Alifundisha Hisabati miaka kumi na minne katika shule moja ya Harrow, kisha akaja chuoni kuwaandaa walimu, na huko amekaa miaka ishirini na saba. Mamia ya walimu wa Hisabati wa mji huu wamepita mikononi mwake. Wakati wa mazoezi aliwafuata shuleni mmoja mmoja, akaketi kiti cha nyuma kabisa, akaandika. Alikuwa na somo moja alilolirudia hadi wanafunzi wakaliota: uliza swali, kisha nyamaza. Mwalimu mgeni anaogopa ukimya, akiuliza anajijibu mwenyewe, na mtoto aliyekuwa anaanza kufikiri anaacha. Profesa alihesabu sekunde kwa kidole juu ya goti lake. Ukijijibu kabla ya tano, ulisikia kile kikohozi.

Na ndiye aliyeandika mwongozo tunaotumia sote wa kukagua walimu wanafunzi. Kanuni yake ya kwanza inasema mkaguzi ataandika alichokiona na kukisikia darasani tu. Si uvumi, si ya kwenye chumba cha walimu, si ya mlangoni. Niliichapa kanuni hiyo kwa mkono wangu kila mwaka, na kila mwaka alinikagulia nisikosee nukta.

Februari ya mwaka jana alikwenda shule moja ya Kilburn kumkagua Séraphin.

Séraphin Mushagalusa ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa miaka arobaini na moja. Kwao alifundisha Hisabati miaka sita kabla ya vita kumtoa. Hapa alikaa miaka mingi akisubiri karatasi za ukimbizi, kisha akawa anawaogesha na kuwalisha wazee kwenye nyumba ya kulelea, mpaka siku alipoleta vyeti vyake vya Kifaransa ofisini kwangu ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuja na rafiki yake Aristide, mwalimu mwenzake wa huko huko, naye akiomba nafasi hiyo hiyo. Walikuwa wametoka pamoja, wamelala chumba kimoja, wamefanya kazi zamu moja. Aristide ndiye baba wa ubatizo wa Plamedie, binti wa Séraphin. Niliwaandikisha siku moja, nikawapangia shule mbili jirani, na nilijisifu kwa hilo.

Asubuhi ile Profesa alifika mapema, akaketi kwenye benchi nje ya darasa. Séraphin alikuwa dirishani mita mbili kutoka pale, akiongea na mkewe kwa simu. Alimwona Profesa, akainamisha kichwa kwa heshima, akaendelea kuongea bila kushusha sauti. Kwa nini angeshusha? Hata mimi nisingeshusha.

"Mama Plamedie, niko na woga mingi," alisema. "Sikulala, nilikuwa ku zamu. Ile leçon nilikamata kwa Aristide, nikabadilisha tu fasi mbili. Na tazama, inspecteur amesha fika. Ni kale kamama kakavu ka Kihindi, kale hakachekake. Uniombee."

Kiswahili cha Bukavu mtu wa Kenya hukielewa akitega sikio, na Profesa alitega: andalio la somo ni la Aristide, limebadilishwa mahali pawili tu. Kimama kikavu kisichocheka. Alikuwa na miaka sitini na tatu, ndio kwanza amerudi kazini baada ya kumzika mumewe, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo usoni. Mimi nilikuwa nimesema mabaya zaidi, lakini aliniambia yangu aliyazoea, kama kelele za redio. Haya ya Séraphin yalimwingia.

Aliingia darasani, akakaa nyuma. Na somo, jamani, lilikuwa zuri. Hili amelikiri mara nyingi. Séraphin alichora mizani ubaoni, upande huu mifuko miwili ya viazi na kilo tatu, upande ule kilo kumi na moja, akawauliza watoto mfuko mmoja una uzito gani. Kisha akanyamaza. Profesa akahesabu gotini. Tano. Saba. Tisa. Msichana mmoja wa pembeni, ambaye mwalimu wa darasa alisema hajafungua mdomo tangu Septemba, akainua mkono, akasema nne, akaeleza na sababu. Miaka ishirini na saba Profesa alikuwa akiwafundisha watu kusubiri hivyo, na huyu alisubiri.

Kwenye fomu ya ukaguzi Profesa akatoa mistari miwili kwa mizani na msichana. Akatoa ukurasa mzima kwa andalio la somo.

Kanuni ya chuo ni kwamba unaweza kutumia andalio la mwenzako, wote hufanya hivyo, ila uandike limetoka wapi. Séraphin alikuwa ameiacha sehemu hiyo tupu. Ni kosa la kalamu. Kwa mwingine Profesa angelizungushia duara na kusema, "Jaza hapa." Kwa Séraphin aliandika kwamba mwanafunzi amewasilisha kazi ya mtu mwingine kama yake, kwamba jambo hilo linagusa uaminifu wake, na kwamba anapendekeza lipelekwe kwenye kamati. Hapo ndipo ninapotaka kumshika mabega na kumtikisa. Sote hukasirika. Lakini yeye aliitia hasira yake kwenye fomu rasmi, kwa Kiingereza safi, na akaweka sahihi.

Fomu ilipita kwangu. Niliisoma, nikaona haifanani na mkono wake, nikaituma. Nilikuwa na fomu nyingine thelathini siku ile.

Kwenye kamati mjumbe mmoja aliuliza swali la haki kabisa: Profesa alijuaje kwamba andalio si lake? Sasa fikirini. Akisema kweli, anakiri kwamba amevunja kanuni aliyoiandika mwenyewe, na kwamba miaka yote hiyo amekuwa akiwasikiliza watu huku akijitia hamnazo. Akakohoa. Akasema amelitambua kutoka kwenye faili la mwanafunzi mwingine. Hakuwa amelifungua faili la mtu. Walipomwuliza Séraphin, hakukana. Alisema ni kweli, ni la rafiki, alisahau kuandika jina. Uaminifu wake ukamwangusha. Kamati ikamwondoa kwenye kozi.

Sasa yangu. Nimekuwa nikiyazungukia, lakini lazima niyaseme.

Séraphin alikuja ofisini siku iliyofuata kurudisha kitambulisho. Profesa hakuwepo. Alisimama mlangoni na koti lake amelikunja mkononi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Dada Gakii, nani alinisema?" Sikujua. Ningeweza kusema sijui, neno moja tu, na ingekuwa kweli. Lakini mimi ni mtu ninayependa kuonekana najua mambo ya ofisi. Nikamwambia, "Si plan ilikuwa ya mtu? Basi muulize mwenye plan. Nani mwingine aliyejua?" Alilivaa koti lake. Kisha akasema asante. Mpaka leo nikikumbuka asante ile naona haya kuliko ningetukanwa.

Alikwenda kwa Aristide. Sikuwepo, lakini Miradie, mke wa Séraphin, alinisimulia. Aristide alimwambia hajasema na mtu, na Séraphin akamwambia kwamba Profesa mwenyewe ametamka mbele ya kamati kuwa ameona faili la mwenzake, na kwamba hata mtu wa ofisini anasema ni yeye. Wakarushiana maneno kwenye ngazi, majirani wakatoka. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Séraphin aliacha kwaya ya kanisa kwa sababu Aristide huimba besi kwenye kwaya hiyo. Mtoto akawa anauliza, kwa Kiingereza chake, mbona Parrain, yaani baba yake wa ubatizo, haji tena Jumapili.

Miezi minne ikapita hivyo. Aristide akaendelea na mazoezi, Séraphin akarudi kwa wazee wake, zamu mbili kwa siku.

Mwezi Juni nilikuwa kwenye simu na shoga yangu wa Mombasa. Profesa yuko mezani, kama kawaida. Nilikuwa nimekutana na Miradie sokoni Kilburn, na nilikuwa natoa habari zote. Nilisema, "Yule Mkongo niliyekwambia, amechukua vitabu vyake vyote vya Hisabati amepeleka duka la hisani. Mkewe anasema hata mtoto akimletea homework hataki kuiangalia, anamwambia mwulize mwalimu wa kweli. Na rafiki yake ndiye aliyemchoma. Watu wametoka Bukavu pamoja, jamani, miaka kumi na miwili..."

"Gakii. Basi," Profesa akasema. "Si rafiki yake. Yeye hapana sema kitu. Ni mimi."

Nilitazama nyuma nione nani ameingia. Sauti ilikuwa ya mtoto, ile ile aliyokuja kuniambia baadaye, mtoto wa duka la vitambaa. Shoga yangu kwenye simu anauliza haloo, haloo. Nikakata.

"Mimi nasikia Kiswahili," akasema. "Siku zote nasikia."

Sijui kama mmewahi kupitisha miaka kumi na mmoja kichwani kwa nusu dakika. Nilianza na sketi. Kisha nikakumbuka mengine: nilivyolia nilipoachwa, ugonjwa wa mama yangu, namna nilivyosema nitaomba ruhusa niende Meru na sithubutu. Na nikakumbuka kwamba asubuhi iliyofuata Profesa aliniambia, kwa Kiingereza, kwamba naonekana nimechoka, nichukue wiki tatu, yeye atazungumza na idara. Nilidhani ni bahati. Nilimchukia na kumshukuru kwa pamoja, na moyo haujui ufanye nini mambo yakija hivyo.

Akanieleza yote, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza, mikono yake imefunika mdomo kama anayezuia kitu kisitoke. Benchi, simu, kamama kakavu, kamati. Alilia. Alisema, "I was so ashamed, Gakii, kila siku, na kila siku mimi nakuja kazi." Nikamwambia kulia hakutamrudisha mtu darasani. Nilisema hivyo kwa ukali kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona sehemu yangu, na sikutaka kuiona peke yangu.

Nampa haki yake: hakungoja. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mkuu wa kitivo akasema kweli, na akaandika barua. Kamati ikakaa tena ikafuta uamuzi wake. Profesa naye wakamtoa kwenye usimamizi wa mazoezi, wakamwambia amalize mwaka kimyakimya kisha astaafu. Kile kiti cha nyuma ya darasa hatakikalia tena. Hakulalamika. Wiki ile alikusanya madaftari yake ya ukaguzi, ya miaka yote, akaniuliza kama nadhani kuna wengine aliowafanyia hivyo. Nami nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Séraphin akapata barua ya kurudishwa. Ilikuwa barua ya maofisa: dosari katika utaratibu, tunasikitika kwa usumbufu. Hakuna Aristide ndani yake, hakuna benchi. Nilimpigia simu kumpongeza. Akasema atarudi Septemba, asante Mungu. Kisha akasema, "Lakini ule mutu, siwezi kumusamehe." Nikajua barua haijafika kwenye kidonda. Mkuu wa kitivo alikuwa amemshauri Profesa asiwasiliane na mwanafunzi yule. Mimi nilimshauri aende. Ushauri wangu haukuwa wa kitaalamu, ila wangu ulikuwa na Jumamosi na saa.

Tulikutana mchana stesheni ya Rayners Lane. Alikuwa na boksi la laddu, vile vitamu vya Kihindi, kutoka duka la pale karibu, japo nilimwambia asibebe kitu. Tukabadilisha treni Wembley Park, tukateremka Kilburn. Njiani hakusema, alikuwa anatikisa midomo, na baada ya muda nikatambua kwamba anafanya mazoezi ya Kiswahili.

Nilikuwa nimepanga na Miradie. Yeye ni mwanamke mfupi, mchangamfu, anasafisha wadi hospitalini, na uvumilivu wake na ugomvi ule ulikuwa umekwisha zamani. Alimwita Aristide kwa jina la mtoto, akamwambia Plamedie anamhitaji, na mtoto mwenyewe akampeleka kwa jirani. Kwa hiyo tulipoingia kwenye fleti ile iliyo juu ya duka la simu, wanaume wawili walikuwa wamekwisha kaa, mmoja kwenye sofa, mwingine kwenye kiti karibu na mlango, koti hajavua. Séraphin alipomwona Profesa aliinuka kwa mshtuko.

"Mama Professeur! Karibu. Welcome, please, sit."

Profesa hakukaa. Alisema, "Séraphin, mimi nasikia Kiswahili."

Aliyasema yote kwa Kiswahili kile cha dukani, viambishi vimevunjika, amesimama na boksi lake mkononi. Kwamba alisikia simu. Kwamba alikasirika. Kwamba somo lilikuwa zuri, bora kuliko alivyoona kwa miaka mingi, na yeye aliandika mbaya kwa kuwa roho ilikuwa mbaya. Kwamba alidanganya kamati. "Aristide hapana sema kitu," akasema, akamgeukia. "Hapana kitu. Mimi nilisema uongo, na hiyo uongo nilitupa juu yako."

Na Séraphin, badala ya kukasirika, alijifunika uso. "Mama, ulisikia vile nilikuita?" akasema. "Ee Mungu. Unisamehe, Mama. Ni woga ilinisemesha. Nyumbani mutu hawezi kusema mama mukubwa vile." Aliomba msamaha mara tatu, mtu aliyepotezewa miezi minne, aliyeonekana mwongo mbele ya mkewe na kanisa lake. Profesa alikuwa amekuja kubeba matusi. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Nikamwekea kiti. Alisema hapana, hapana, wewe usiombe, lakini Séraphin hakumsikia.

Nikaona ni zamu yangu. Nikasema mimi ndiye niliyemwambia amuulize mwenye andalio, na kwamba nilisema bila kujua lolote. Nilisema haraka, kama mtu anayebandua plasta. Miradie akanitazama. Nilikuwa nimekula kwake mara mbili tangu wakati ule, na sikuwa nimemwambia.

Kisha sote tukamtazama Aristide. Alikuwa hajatikisika. Ni mtu mrefu, mpole, ana mvi kidogo juu ya masikio. Alivua kofia akaiweka gotini.

"Mimi sina maneno na huyu mama," akasema polepole. "Wala na dada Gakii. Hawanijue. Maneno yangu iko na weye, Séraphin. Miaka kumi na mbili tunakula ku sahani moja. Mutu akakuuliza nani anaweza kukuuza, na weye ukaniwaza mimi. Haukuchelewa hata siku moja. Huyu mama alisema uongo, leo anautosha, anauondoa. Ile yako, unaitosha namna gani?"

Chini mtu alikuwa anajaribu milio ya simu. Profesa alikaa ameinama, na nadhani wakati huo ndipo alipoona ukubwa wa jambo lenyewe, kwamba kuna kitu alikivunja ambacho barua yake, kustaafu kwake na Kiswahili chake havikufikii. Mimi nililiona pia. Ningetoa chochote niwe mahali pengine.

Séraphin akateremka kutoka kwenye sofa, akapiga magoti kwenye zulia mbele ya kiti cha rafiki yake, akaanza kusema. Lakini si kwa Kiswahili tena. Alisema kwa Kishi, lugha ya nyumbani kwao, lugha ya mama zao, kwa sauti ya chini. Aristide akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, maneno machache. Séraphin akasema tena. Sauti ikapanda, ikashuka. Sikupata hata neno moja. Miradie, ambaye pia ni Mushi, mtu wa kabila lao, alisikiliza huku akikunja kanga mapajani, na machozi yakaanza kumtoka, na uso wake haukunionyesha ni machozi ya namna gani.

Profesa Bhavini aliinua kichwa. Aliwaangalia wale wawili, akamwangalia Miradie, akasogeza kiti chake karibu naye, akamnong'oneza, "Wanasema nini?"

Miradie alifuta macho. Hakukasirika. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Hata leo, Mama?" akasema.

Uso wa Profesa ulishuka wote. Aliweka boksi la laddu sakafuni, akainuka, akapita nyuma ya wanaume wale bila kuwaangalia, akatoka kwenye ngazi na kuufunga mlango taratibu. Mimi nilibaki nimekaa kidogo, kwa sababu nami nilikuwa nimetega sikio. Kisha nikaona haya, nikachukua mkoba wangu, nikamfuata.